Doti ya Mshahara wa Kwanza

Hapo zamani, na msidhani nasema zama za majini na wafalme, nasema zamani ile ambayo wengine wenu mlikuwa mmeshaota meno, mjini kwetu kulikuwa na kiwanda cha kushona mashati. Humo kiwandani alikuwemo mwanamke mmoja, Zuwena, fundi wa kola. Kola ya Zuwena ilikaa vizuri hata mwenye shingo fupi akaonekana ana shingo. Msicheke, wenyewe wapo humu humu.

Basi kiwanda kikafungwa. Watu wamefika asubuhi, wamekuta geti lina kufuli. Zuwena akarudi nyumbani, chakula chake cha mchana bado kina moto.

Alikuwa mjane, akiishi na mavyaa wake, Bi Arafa, mama wa marehemu mumewe. Mama yake mzazi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Hilo likumbukeni, tutalihitaji.

Zuwena akaanza kutafuta kazi. Akaenda duka la mapazia. Wakamwambiaje? "Tutakuita." Wakamwita? Wapi! Akaenda hotelini, walikotaka mtu wa kushona mashuka. Wakamwambiaje? "Tutakuita." Wakamwita? Wapi! Akaenda kwa washona sare za shule, akaenda kwa washona magunia. Naona sasa mnanijibu wenyewe. Wapi!

Jamani, neno hilo linamla mtu polepole. Mwanzoni Zuwena alilala na simu kifuani asije akakosa kuisikia. Baadaye akaiweka chini ya mto. Mwishowe ikaisha chaji na hakuijali. Akawa hali, hasalimii, akisikia hodi anajifanya amelala. Aliona haya kama mtu aliyeiba, na hakuiba kitu cha mtu. Roho yake ilikuwa inazimika, na watu watatu ndio walioishika isizimike.

Wa kwanza ni huyo Bi Arafa, mwanamke wa maneno machache na pasi ya mkaa. Kila asubuhi, saa ile ile ya kiwanda, anasimama mlangoni kwa Zuwena.

"Amka, mwanangu, utachelewa."

"Nichelewe wapi, mama? Kazi sina."

"Najua huna. Amka, utachelewa."

Gauni limeshapigwa pasi, maji ya kuoga yameshatengwa. Zuwena anaoga, anavaa, anasukumwa nje. Majirani wakacheka, wakasema bibi ameanza kusahau, anadhani kiwanda bado kipo. Akawaacha wacheke. Asubuhi moja Zuwena alijifunika shuka akalia, akakataa kutoka. Bi Arafa akakaa kitandani ubavuni pake, akalia naye. Walipomaliza kulia akasema, "Haya, amka, utachelewa." Ningekuwa na kofia, wenzangu, ningemvulia bibi yule.

Wa pili ni Mwajabu, mpika vitumbua wa pale njia panda. Mwajabu na mdomo wake! Kila siku anamwona Zuwena anapita na gauni lake lililonyooka, hana aendako.

"Wee shoga," akamwita, "unanipitia hapa kama mgombea anayetafuta kura. Njoo ukae ugeuze vitumbua."

Kazi ile ilikuwa ya mtu mmoja, na chakula chake cha mtu mmoja. Wakala wawili. Mwajabu anamimina, Zuwena anageuza. Na kila mteja akija, Mwajabu anamfungia vitumbua vyake, hajampa, anamuuliza kwanza: "Kazi ya cherehani hujaisikia mahali?" Wengine walichoka kuulizwa, wakahamia kwa mpishi wa jirani. Mwajabu akasema na waende. Akauliza, akauliza, mpaka dereva mmoja wa lori akamjibu kwamba ng'ambo ya daraja kumefunguliwa karakana ya kushona sare za hospitali, na kesho yake wanajaribu mafundi.

Mwajabu akamgeukia Zuwena. "Kesho usije hapa. Ukija nakumwagia unga wa vitumbua, na gauni hilo zuri nalichafua."

Wa tatu ni Hidaya. Huyu alikuwa fundi wa mifuko kiwandani kule kule, na kufuli la geti lilimkuta siku ile ile. Yeye naye alikuwa akitafuta, naye alikuwa akiambiwa "tutakuita". Siku ya majaribio alifika mapema, akawa karibu na mlango wa karakana. Zuwena alikuwa nyuma yake.

Mafundi wanaingia, wanatoka. Wachache wanatoka wanacheka. Wengi wanatoka wanajifuta machozi, na kutoka ndani sauti ya msimamizi inasikika: "Tutakuita."

Zuwena akalisikia neno lile. Akatoka kwenye foleni, akaondoka mbio.

Wakati huo Hidaya ndiye aliyebaki mbele kabisa, zamu ikiwa yake. Angeingia. Nani angemlaumu? Hakuingia. Alimkimbilia mwenzake, akamkuta darajani ameshika ukingo.

"Hidaya, siwezi. Wakiniambia tena lile neno, nitakufa."

"Hufi. Twende."

Akamshika mkono kama anayemvusha barabara, akamrudisha mpaka mlangoni. Mlinzi akatangaza, "Cherehani imebaki moja, nafasi ya mtu mmoja. Nani anaingia?" Foleni nzima ikajibu kwamba zamu ni ya Hidaya, walimwona akiwa mbele.

Hidaya akautazama mlango. Akamtazama Zuwena. Akasema, "Wewe ukirudi nyumbani leo hivi hivi, hutatoka tena. Mimi kesho nitatoka." Akamsukuma ndani.

Zuwena akashona kola. Msimamizi akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akatafuta kasoro, hakuiona. Akasema, "Njoo Jumatatu."

Sasa sikilizeni. Kwetu mtu akipata mshahara wake wa kwanza, humnunulia mama yake doti ya kanga. Mama huitupa begani, huishika mikono ya mwanawe na kuiombea dua. Tangu hapo, mkono wa Idi ni wake kwanza, na habari njema yoyote huanza kufika kwake. Doti ile si nguo tu. Anayepewa ameambiwa kwamba yeye ni mama.

Na Zuwena mama hana.

Akanunua doti, nyekundu, nzuri. Maandishi yake siwaambii, maana mtaanza kuamua kwa maandishi. Siku ya kuamkia Idi akawaita wote watatu sebuleni kwa Bi Arafa.

"Nimeshindwa," akasema, na machozi yakamtoka. "Nikimtazama huyu naona ni wake, nikimtazama yule naona ni wake. Nisaidieni."

Mwajabu akawa wa kwanza. Mlitegemea nani? "Mimi naitaka na sioni haya. Nilimlisha nikiwa sijashiba. Nilipoteza wateja kwa ajili yake, na mpaka leo hawajarudi. Bila mdomo wangu, ile karakana angeijulia wapi?"

Hidaya akasema taratibu, "Mimi sitaki kuonewa huruma. Kesho kutwa naamka kutafuta kama kawaida. Lakini kazi ile ilikuwa mbele yangu, nikampisha. Kila mnaposema kazi ya Zuwena, mjue mnataja kazi yangu."

"Wewe ni rika lake," Mwajabu akamwambia. "Umama umeutoa wapi?"

"Pale darajani," Hidaya akajibu.

Wakamgeukia Bi Arafa, ambaye alikuwa anakunja gauni la Zuwena la kesho.

"Mimi sikuleta habari," akasema bibi. "Wala sikutoa zamu. Nilipiga pasi tu. Ila nauliza, huyo aliyepita njia panda hata Mwajabu akamwona, nani alimtoa kitandani? Na huyo aliyefika foleni hata akapata kuikimbia, nani alimsimamisha kwa miguu yake?"

Naona wewe pale nyuma umenyoosha mkono. Unasema doti ichanwe? Doti ina vipande viwili, watu ni watatu, na ya mshahara wa kwanza haichanwi. Na wewe unasema Zuwena ajivike mwenyewe, kwa kuwa kola aliishona yeye? Umesema kweli, alijikaza kweli kweli na mimi namsifu. Lakini nani amewahi kuwa mama wa nafsi yake?

Basi Zuwena yuko katikati ya sebule, doti mkononi. Huku pasi, huku kikaango, huku nafasi mlangoni. Wote watatu wanampenda, na kesho ni Idi.

Haya, nyinyi mliokaa mkanisikiliza, nijibuni. Na msije mkaniambia "tutakuita". Begani kwa nani? Je, nani alistahili?