Simu Moja, Watu Tisa

Mvua za mwaka 2007 hazikuwa na simile. Kufikia mwezi wa tatu, barabara inayoteremka kutoka Sumbawanga kwenda Muze, na kuendelea hadi Mtowisa, ilikuwa imekatika mahali pawili, na hata waendesha pikipiki wakorofi walikuwa wamesalimu amri. Huko juu Ufipa watu walijikunyata kwa baridi. Chini bondeni kulikuwa na joto na matope, na mpunga ulikuwa unaanza kutoa masuke. Watu wa juu na wa chini waliunganishwa na Kikundi cha Mavuno, chenye wanachama kumi na watatu: wanne wa mjini, tisa wa Mtowisa. Mali yao kubwa ilikuwa mashine moja ya kukoboa mpunga, waliyoinunua baada ya kudunduliza miaka sita.

Mashine hiyo ilikaa Mtowisa, na mwendeshaji wake alikuwa Gaudiosa, mjane mwenye watoto watatu. Ndiyo iliyomlisha. Ndiyo pia iliyowapumzisha wanawake wa pale kutwanga, hata vinu vyao vikageuka vya kulalia kuku. Gaudiosa aliijua sauti ya mashine ile ikiwa nzima na ikiwa mgonjwa, na mtu akiigonga ovyo alimjia juu.

Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Eustaki wa Malangali, mtaa wa mjini Sumbawanga, mstaafu, mwadilifu, asiyekula senti ya mtu. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alikuwa ameita mahudhurio darasani kwa miaka thelathini, na hakuamini kuwa mtu yupo mpaka amwandike daftarini. Mkutano wa mwaka ulipokwama kwa ajili ya barabara, katibu wake Edwin, mwenye duka la misumari na mabati, alimletea habari njema. Makampuni ya simu yalikuwa yakishindana siku hizo, na sasa mtu aliweza kuunganisha simu tano zikaongea pamoja, kila mwenye simu akiwa kwake.

"Mkutano bila nauli!" Mwalimu alishangilia. "Dunia imekuwa kijiji kweli."

Siku ikapangwa, Jumamosi saa tisa alasiri. Wanachama wanne wa mjini kila mmoja alikuwa na simu yake. Huko Mtowisa simu ilikuwa moja tu, ya Mboje, mfugaji wa Kisukuma, na mtandao ulipatikana juu ya kichuguu nyuma ya zizi lake. Basi wanachama wote tisa wakapanda kichuguu, wakabanana bega kwa bega. Mboje akaweka spika, akainyanyua simu juu kwa mikono miwili.

Salamu peke yake zilikula dakika saba, maana salamu za Wafipa hazina haraka. Kisha Mwalimu Eustaki akakohoa.

"Ajenda ni moja, ndugu wajumbe. Mashine ipandishwe mjini. Huku mchele una bei. Mpunga utaletwa huku, utakobolewa huku, utauzwa huku."

Gaudiosa alishtuka. Mashine ipande mjini? Na yeye je? Arudi kutwanga kwa kinu, awalishe watoto pumba?

"Wanaokubali?" aliuliza Mwalimu.

"Ndiyo," alisema Edwin. Wenzake wawili wakaitikia ndiyo, na Mwalimu akajiongezea ndiyo yake.

"Wanaokataa?"

"Hapana!" Watu tisa walipiga kelele kwa pamoja, hata ng'ombe wa Mboje wakainua vichwa.

"Hapana moja," Mwalimu alisema, na kalamu yake ikasikika ikiparuza karatasi. "Nne kwa moja. Hoja imepita."

Gaudiosa akaukaribia mkono wa Mboje.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani, moja vipi? Sisi tuko tisa."

"Marahaba, mama. Kwenye mkutano kuna simu tano. Simu moja, mhudhuriaji mmoja."

"Lakini mimi ni Gaudiosa!"

"Na mimi ni Kabula!" akadakia mwanamke aliyekuwa nyuma yake.

"Nawasikia," Mwalimu alisema kwa upole wa kweli. "Lakini nitajuaje? Huenda ni Mboje anabadilisha sauti. Darasani nilikuwa nao hao: mtoto mmoja anaitikia 'nipo' kwa ajili ya watoro wanne."

"Mwalimu!" Mboje alifoka. "Mimi na sauti hii naweza kuitoa sauti ya mama Kabula?"

"Sijasema unaweza, bwana Mboje. Nasema siandiki nisichokiona."

Hapo betri ya simu ikaisha.

Gaudiosa aliwahesabu wenzake kwa kidole, akajihesabu na yeye: tisa. Akaanzia upande wa pili: tisa. Sasa hao wanane walikwenda wapi? Mzee Shigela, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, alisema labda watu wakiingia kwenye simu hupungua. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika. Kabula alidhani kosa lao ni kusema kwa pamoja. Mwingine alidhani ingefaa kila mmoja aishike simu kidogo. Walishuka wakiendelea kubishana. Usiku huo Gaudiosa alilia, akawaza kuwa hata marehemu huhesabiwa siku ya msiba wake.

Mwezi wa sita barabara ilikauka. Lori la Fuso likafika Mtowisa likitifua vumbi, ndani yake Mwalimu Eustaki na daftari lake, Edwin, na dereva. Walisalimia vizuri, wakapewa maji na wali, wakala. Kisha Edwin akafungua nati zote za mashine. Gaudiosa aliketi kwenye gunia la mpunga akitazama.

Wakainua. Mashine haikutikisika. Wakainua tena, watu watatu, mishipa imewatoka shingoni. Edwin akashika kiuno, akakaa chini akiguna. Mashine ile siku ya kuletwa ilikuwa imebebwa na wanaume kumi.

"Mama Gaudiosa," Mwalimu alisema akihema, "hebu tuitie watu watusaidie."

"Watu gani, Mwalimu? Mtowisa tuko mmoja."

"Acha utani, mama."

"Si utani. Imeandikwa humo humo," akaonyesha daftari. Hakuinamisha macho. "Huyo mmoja ni mimi au ni Mboje, sijui. Mtafute akubebee."

Mwalimu aligeuka. Mbele ya kibanda wanachama wengine wanane walikuwa wameketi, mikono mapajani. Nyuma yao palikuwa na foleni ya akina mama na mafuta yao ya kuendeshea mashine mkononi na magunia yao vichwani, wakisubiri kukobolewa mpunga. Alitangaza ujira. Vijana waliokuwa wakipita walimtazama, wakawatazama mama zao kwenye foleni, wakaendelea na safari. Mwalimu wa watu alichanganyikiwa. Watu aliokuwa anawatafuta walikuwa mbele yake, naye hakuweza kuwaita, maana daftarini mwake hawakuwamo.

Alisimama pale muda mrefu, jua likimchoma upara. Mwishowe akafungua daftari na kuchomoa kalamu.

"Gaudiosa," aliita.

"Nipo."

"Mboje."

"Nipo, Mwalimu."

Akawaita wote, mmoja mmoja, akimtazama kila mtu usoni kabla ya kuandika. Alipofika kwa Mzee Shigela alisema "shikamoo" kwanza. Majina yakawa tisa. Akarudia kura pale pale kwa mikono, mbele ya foleni nzima. Mikono tisa ilikataa. Edwin, kiuno kikimuuma, alinyoosha wa kukubali, na Mwalimu akaandika nne kwa uaminifu, akijihesabu mwenyewe na wawili waliobaki mjini. Kisha akafuta jasho.

"Mama Gaudiosa, nisamehe. Nilihesabu simu, nikaacha watu."

Gaudiosa alifuta machozi. Alichukua spana mkononi mwa Edwin, akazirudisha nati moja moja, akawasha mashine. Foleni ikasogea.

Mwalimu alifika Malangali kesho yake na Fuso tupu. Mweka hazina, mama Josefina, alimpokea barazani. "Mashine iko wapi, Mwalimu? Si tulishinda?"

"Imebaki."

"Nani kaizuia?"

"Hakuna aliyeizuia. Walikuwa wengi tu, mama, nami sikuwaona." Akaketi, akavua viatu vyenye vumbi la bondeni. Wahenga hawakuwa na simu, lakini hesabu waliijua: wengi wape.