Ndege Isiyolowa

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 18 Machi 2023. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha mjini Bujumbura, na kulipopambazuka yakabaki manyunyu tu. Mawingu yalikuwa yameilalia milima ya Uvira ng'ambo ya ziwa, kiasi kwamba mgeni angedhani ng'ambo hakuna kitu. Wakazi wa mtaa wa Musaga walitoka na majembe kwenda kwenye kazi za jumuiya, kama ilivyo desturi ya kila Jumamosi. Saa nne na nusu wakatawanyika, viatu vikiwa vizito kwa tope.

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Mtu anaweza kukipima kitanda urefu na upana, akazisifu mbao na kamba zake, lakini anayejua kinachouma ndani yake ni yule anayekilalia. Neno hili lilimfikia Maxime siku hiyo, ingawa hakulipokea siku hiyo.

Maxime alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minne. Mchana alichora ramani za nyumba katika ofisi moja ya mtaa wa Kigobe, na jioni alichora ndege za vita kwa kompyuta. Hakutumia karatasi wala rangi ya kopo. Alitumia kalamu isiyo na wino juu ya kioo, akiweka tabaka juu ya tabaka mpaka bati ling'ae kama bati na turubai lilegee kama turubai. Watu wa nchi za mbali walimwandikia kumsifu, na sifa hizo zilimwumua taratibu kama hamira inavyoumua unga.

Mwaka huo mjini yalikuwa yakiandaliwa maonyesho ya historia ya ziwa. Msimamizi wake, Madamu Olga, mwalimu mstaafu, alihitaji mchoro mmoja wa kutundika kwenye ukuta wa mbele, upana wa mita nne. Ulipaswa kuonyesha ndege ya majini ya jeshi la Wabelgiji, ya zile zilizoruka juu ya Ziwa Tanganyika mwaka 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Ndege hizo hazikutua kwa magurudumu. Zilikaa majini juu ya maboya ya mbao, mfano wa mitumbwi iliyofunikwa.

Maxime aliutaka ukuta huo kwa sababu moja. Mama yake, Marguerite, alikuwa na ugonjwa wa macho ambao madaktari walikuwa wamekwisha kushindwa kuuponya. Kitu kidogo kuliko mlango hakukiona tena. Kwa miaka saba alikuwa amemwombea mwanawe kila jioni, akiweka mkono juu ya kioo cha kompyuta kama anayembariki mtoto, lakini hakuwahi kuona hata mchoro mmoja. Ukutani, kwa upana wa mita nne, angeuona. Daktari alikuwa amesema pia kwamba kabla ya mwaka kwisha, huenda hata mlango asiuone.

Basi Maxime alifanya kazi kwa miezi mitatu. Alihesabu kila waya kati ya bawa la juu na la chini. Alikuza mchoro mpaka msumari mmoja ukajaa kioo kizima, akautia kivuli chake, kisha akahamia msumari wa pili. Alipofika kwenye maji, alichukua mtandaoni brashi ya kompyuta ya kuchorea bahari, iliyotengenezwa na mchoraji mmoja wa Ulaya. Ukiipitisha mara moja, mawimbi na povu hujichora yenyewe. Ziwa lilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kwake, lakini hakwenda. Alifunga pazia ili mwanga wa nje usimharibie rangi.

Jumamosi hiyo, baada ya kazi za jumuiya, aliupeleka mchoro kwenye ukumbi wa maonyesho. Ulimulikwa ukutani kwa projekta na watu wakashangilia. Mlangoni alikuwa ameketi Fundi Jérémie akila karanga. Huyu alikuwa mtu wa Baraka, upande wa Kongo, aliyeunda na kuziba mitumbwi ya mbao kwenye ufuko wa Bujumbura kwa miaka ishirini. Alikuwa ameleta mtumbwi mkuukuu wa kuonyeshwa kwenye maonyesho hayo hayo.

"Bwana muchoraji," aliita, "hii ndege imefika lini?"

"Imefika wapi, fundi?"

"Mu maji. Naona haijalowa."

Watu wakacheka. Maxime akatabasamu kwa adabu. "Imetia nanga tangu jana yake. Ndivyo nilivyoichora."

"Apana. Kitu cha mbao kikilala mu maji, kinakunywa. Asubui unakikuta kimeinama, upande moja umeshuka. Hii yako imekaa sawasawa kama sahani juu ya meza. Na haya maji ni ya wapi? Povu mingi hivi, kuna mutu anafua?"

Kicheko kikazidi. Uso wa Maxime ukawaka kama kaa la moto.

"Fundi, wewe umepanda ndege ngapi?"

"Mi? Apana hata moja. Ile pangaboi ya mbele nilizani ni ya kuwapunguzia joto."

"Mnasikia?" Maxime aliwageukia wengine. "Mnasikia anayenisahihisha?"

"Ndege siijue," Jérémie alijibu huku akimenya karanga. "Na weye, mitumbwi umelalia ngapi?"

Madamu Olga alivua miwani yake.

"Maxime, mwanangu, kazi yako ni nzuri, na waya hizo sina shaka nazo. Lakini maonyesho haya ni ya ziwa. Ukuta nitauacha wazi mpaka Ijumaa saa sita mchana. Huyu fundi akisema ndege imelowa, nitaitundika. Asiposema, nitatundika ramani."

Nyumbani mama yake alimsubiri sebuleni.

"Wameuchukua?"

"Bado, Mama. Kuna fundi mmoja wa mitumbwi anasema ndege haijalowa."

"Na imelowa?"

Maxime akajifanya kutafuta funguo. Jioni walipiga magoti kama kawaida yao. Mama Marguerite alimwomba Mungu amfungulie mwanawe njia. Maxime aliitikia "Amina", lakini moyoni aliomba Mungu amfunge fundi kinywa.

Jumapili, baada ya misa, alitafuta brashi nyingine, ya kutu na uchafu, akayarashia maboya madoa hapa na pale. Madamu Olga akaupeleka mchoro huo kwenye simu ya Jérémie. Jumatatu ikaja sauti iliyorekodiwa, nyuma yake nyundo zikigonga mbao:

"Bwana muchoraji, sasa umeipaka matope. Ndege ilianguka mu shamba? Kitu cha maji kinachafuka kwa mustari, si kwa madoa. Kuja uone. Mi sikule mutu."

Maxime aliisikiliza mara tatu, akaifuta. Jumanne alitafuta mtandaoni picha za mistari ya maji kwenye mbao. Alipata za meli za chuma na za bandari za barafu. Jumatano jioni alikuwa angali ameinamia kioo kama mtu aliyepoteza pete kisimani. Mama yake akaja na fimbo yake, akanyoosha mkono ili akibariki kioo, kisha akaurudisha.

"Maxime, hiki kioo nimekibariki miaka saba. Leo nimechoka kubariki kioo. Nenda kwa huyo mtu."

"Atanicheka, Mama."

"Akucheke. Kucheka hakuui. Mimi nikikosa kuuona huo ukuta, utacheka wewe?"

Maneno hayo yalimchoma. Aliomba ruhusa kazini, na Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, alikuwa ufukoni. Mvua ilikuwa imekatika. Ziwa lilikuwa limetulia, bila povu hata moja. Maji yalikuwa na rangi ya majivu karibu na miguu yake, na rangi ya bluu nzito mbali, na kati ya rangi hizo mbili hapakuwa na mpaka. Jua lilikuwa bado nyuma ya vilima vya mji, lakini milima ya Uvira ilikwisha kupata mwanga kileleni. Maxime alikuwa amezaliwa mjini humo. Hata hivyo alisimama hapo kama mgeni.

Jérémie hakumcheka. Alimpa kidumu cha plastiki kilichokatwa mdomo, akamwonyesha mtumbwi mkubwa uliolala majini.

"Ingia. Chota."

"Nichote nini?"

"Maji. Ulizani mutumbwi unajichota?"

Maxime akakunja suruali, akaingia. Mtumbwi ulikuwa umeinamia kushoto, na ndani yake maji yalimfika juu kidogo ya kifundo cha mguu. Alichota na kumwaga, akachota na kumwaga. Baada ya dakika kumi viganja vilianza kuwaka, na baada ya ishirini mgongo ulikataa kunyooka. Mtumbwi ukawa unainuka polepole, karibu bila kuonekana. Ulipoinuka ndipo alipouona mstari: utando wa kijani kibichi, upana wa vidole vitatu, kuzunguka mbao zote. Chini yake mbao zilikuwa nyeusi, zimevimba. Juu yake zilikuwa kavu, za rangi ya kijivu. Aliugusa mstari huo kwa kidole. Uliteleza.

"Mbao ni kama mutu," Jérémie alisema kutoka ufukoni, akisokota pamba ya kuzibia nyufa. "Mupya inakunywa mingi. Kisha inazoea. Lakini kila asubui, ni lazima mutu aingie achote." Akakata ile pamba kwa meno. "Na ile ndege yenu, nani alikuwa anaichota maji?"

Maxime alisimama na kidumu mkononi. Katika miezi mitatu alikuwa amejiuliza kila swali kuhusu ndege ile, isipokuwa hilo.

Aliporudi nyumbani alifungua picha ya zamani aliyoitumia kama kielelezo. Mwezi wa kwanza wa kazi alikuwa amekata upande wake mmoja, kwa kuwa aliona unaharibu mstari mzuri wa bawa. Sasa aliirudisha nzima. Katika upande ule walikuwamo watu wanne, wenyeji wa ziwa, maji yakiwafika kiunoni, wamelishika boya kwa mikono. Mmoja alikuwa ameinama, na mkononi alikuwa na chombo ambacho picha haikukionyesha vizuri. Maxime hakuhitaji kuonyeshwa. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge.

Alifungua pazia. Alifuta bahari yote, kisha akaiondoa ile brashi yenyewe kwenye kompyuta. Aliyachora maji kwa mkono, rangi baada ya rangi. Akaiinamisha ndege upande wa kushoto, akayazungushia maboya mstari wa kijani wa vidole vitatu, akawaweka watu wanne mahali pao. Kila alipomaliza sehemu alirudi nyuma mpaka mlangoni, akautazama mchoro kutoka huko.

Ijumaa, saa tano na nusu, Jérémie alisimama mbele ya ukuta. Alitazama kwa muda mrefu bila kutafuna kitu. Madamu Olga alitazama saa yake mara mbili.

"Imelowa," alisema hatimaye. "Imelowa vizuri."

Jumamosi, tarehe 25, milango ya maonyesho ilifunguliwa. Maxime alimshika mama yake mkono, akamsimamisha hatua nne mbele ya ukuta. Watu waliokuwa karibu wakapisha. Mama Marguerite aliinua uso, akaugeuza kushoto, kisha kulia, polepole.

"Naona mabawa," alisema. "Mawili, moja juu ya lingine." Kisha: "Naona maji. Ni asubuhi." Akasogea hatua moja. "Na huyu aliyeinama ni nani?"

"Ni mtu anayechota maji kwenye boya, Mama."

"Jina lake?"

"Halikuandikwa."

"Mikono inamuuma," alisema.

Hapakuwa na mtu aliyekuwa amemwambia. Maxime alitazama viganja vyake, kisha akamtazama Jérémie aliyekuwa amejibanza nyuma ya watu katika shati lake la Jumapili. Akamwendea, akamshika mkono, akamleta mbele ya ukuta.

"Mama, huyu ndiye fundi. Nilimdharau mbele ya watu, kwa hiyo nataka watu wasikie na haya." Akawageukia wengine. "Mbele ya Mungu, mbele ya mama yangu na mbele yenu nyote, naahidi: sitachora tena chombo chochote kabla sijakigusa kwa mikono yangu. Na kisichogusika tena, nitamtafuta mtu anayekijua, nikae chini, nimsikilize mpaka amalize."

"Na karanga ulete," Jérémie alisema.

Watu wakacheka, na Maxime akacheka pamoja nao.

"Na karanga nitaleta," akaahidi.

"Amina," akaitikia Mama Marguerite, macho yake yakiwa bado kwa yule mtu aliyeinama. "Umeona mwenyewe, mwanangu: kitanda usichokilalia, huwajui kunguni wake."