Nguchiro na Kazi Isiyokuwa na Jina

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Aliyeanza kusinzia akanawe uso. Nikisema "Nguchiro, Nguchiro," nyinyi itikieni, "kazi yako nini?" Haya, twende.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya Majabali, wanyama walikuwa na sheria. Masika yakikatika, kila kijana husimama mbele ya Mfalme Nyati, akataja kazi yake ya maisha. Na asiye na la kusema? Huyo hupewa kazi ya kuonja maji ya visima vigeni kabla wengine hawajanywa. Waonjaji wa zamani hawakuwepo tena kusimulia ladha yake.

Mwaka huo zamu ilimfikia Nguchiro. Mnyama mdogo, mkia mrefu, macho hayatulii. Mvua zinanyesha, naye hajui atasema nini. Akila, chakula hakishuki. Akilala, anagaagaa. Ndege wakimwona, wanaimba:

*Nguchiro, Nguchiro, kazi yako nini?*
*Mvua zaondoka, utasema nini?*

Na moyo wake, ndu! ndu! ndu!

"Mwanangu," mama yake akamwambia, "nenda kwa Mhanga ukachimbe mashimo. Mchimbaji halali njaa."

Nguchiro akaenda. Kacha, kacha, kacha, akachimba. Mara jiwe likaporomoka, puu! Likamponda Panya, mchimbaji mwenzake, kidole. Wachimbaji wengine wakaendelea, kacha, kacha. Nguchiro hakuweza. Akatupa udongo wake, akamshika Panya mkono, akampuliza, akamfunga jani. Akakaa naye mpaka kilio kikapungua. Kugeuka, shimo lake limefukiwa.

"Mimi nimeleta mchimbaji au yaya?" Mhanga akafoka. "Ondoka!"

Mvua zinanyesha. Ndege wanaimba. Ndu! ndu! ndu!

Akaenda kwa Mbuni, mpeleka habari. Mbuni akamwambia, "Mto umefura kule juu. Kimbia ukawaambie Ngiri wahame bondeni. Usisimame popote!"

Nguchiro akakimbia, tifu, tifu, tifu. Njiani akamkuta Njiwa amelala chini, bawa limeteguka, anahema. Nguchiro akapita. Akarudi. Akapita tena. Akarudi. Akasema, "Kidogo tu." Akalinyoosha lile bawa, akalifunga. Kidogo ikawa kubwa. Alipofika bondeni, maji yalikuwa yamemtangulia. Ngiri wako juu ya mawe, wameloa, watoto wanatetemeka, na chakula chao chote kimekwenda na mto.

Hakuna aliyekufa. Lakini Nguchiro aliwatazama wale watoto, akatamani ardhi immeze. Mbuni alipomfukuza, hakujitetea.

"Mama, mimi sifai," akasema. "Kila ninachoshika kinaharibika."

Mama yake akamsogelea. Akamkumbatia tu.

Basi mvua zikakatika. Siku ya baraza ikafika. Nguchiro akatoka asubuhi, njia nzima anajaribu maneno mdomoni. "Nitakuwa mlinzi." Hapana. "Nitakuwa mwimbaji." Uongo. Mara akasikia mlio korongoni: mee... mee... Akachungulia. Paa ameteleza, mguu umevunjika.

Ngoma ya baraza nayo ikaanza kulia. Ti! ti! ti! Aliyechelewa huhesabiwa hana kazi.

"Nenda," Paa akasema kwa taabu. "Watakupa kisima."

Nguchiro akatazama njia ya barazani. Lakini miguu ilikwisha kushuka korongoni. Akatafuta vijiti, akachuna gome, akaufunga ule mguu. Ndipo akakimbia.

Akakuta baraza linavunjika.

"Umechelewa," Nyati akasema. "Utaonja maji."

"Mfalme, nina kazi."

"Itaje."

Nguchiro akafungua mdomo. Jina la kazi hakuwa nalo. Akasema, "Nikimwona anayeumia, siwezi kupita. Nimejaribu kupita, nimeshindwa. Nataka hiyo ndiyo iwe kazi yangu."

Baraza likacheka, kwa! kwa! kwa! Ngiri akasimama kwa hasira. "Huyu ndiye aliyetucheleweshea habari! Watoto wangu wamelala njaa kwa sababu yake!"

Kicheko kikakatika. Nguchiro akainamisha kichwa. "Ni kweli, Ngiri. Nilichukua kazi isiyo yangu, mkaumia nyinyi. Naomba radhi. Nisitumwe tena habari, wala nisipewe shimo. Lakini korongoni kuna Paa, na mguu wake nimeufunga mimi."

Nyati akageuka kumtazama Nguchiro. Kisha akasema, "Paa akisimama, kazi ni yako. Asiposimama, kisima kinakungoja."

Hapo ndipo hofu ilipozidi! Mguu ulivimba. Nguchiro akamwendea Bibi Kima, ajuaye majani, akamwambia, "Sijui vya kutosha. Nifundishe." Akafundishwa kuponda, kuchemsha, kukanda. Akakosea. Akafundishwa tena. Kila kulipokucha aliugusa ule mguu kwa woga. Na ajabu moja: kisima hakukikumbuka tena. Hofu yake yote ilikuwa juu ya Paa.

Mwezi mwingine ulipoandama, Nyati akaja na wanyama wote. "Simama," akamwambia Paa.

Paa akainuka. Akayumba. Akaanguka, puu! Nguchiro akafumba macho. Paa akainuka tena. Akapiga hatua. Akapiga nyingine.

"Anachechemea," Nyati akasema.

"Anachechemea, Mfalme," Nguchiro akajibu. "Lakini anatembea."

Nyati akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha yeye mwenyewe, mfalme mzima, akasogea taratibu akainua mguu wa nyuma.

"Kuna mwiba hapa," akanong'ona. "Tangu masika ya juzi. Sikujua nimwambie nani."

Nguchiro akapiga magoti, akaanza kazi.

Enyi mliokaa hapa, wakubwa kwa wadogo: kazi yako usiitafute katika sifa, wala kwa kuogopa kuaibika. Itazame pale moyo wako unapokataa kupita. Ukiiona, nenda ukajifunze, maana moyo peke yake hautoi mwiba.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye masikio ameibeba, na mwenye usingizi akalale.