Kipindi cha Marehemu

Funikeni vitabu vyenu kidogo, wapendwa, mniangalie usoni.

Palikuwa na chuo kimoja cha ualimu, chuo cha kanisa, kikongwe, kimejengwa kwa mawe juu ya mgongo wa mlima. Huko ukungu si mgeni, una makao yake. Asubuhi huwatangulia wanafunzi madarasani, ukakaa kwenye madawati, na mpaka jua lichomoze hujui kilicho mbele yako ni mtu au ni koti lililotundikwa.

Chuo hicho kilikuwa na desturi yake. Mwalimu wao wa kwanza kabisa, aliyefundisha hesabu tangu majengo yakiwa ya miti na udongo, alifariki katikati ya muhula. Jumatatu iliyofuata wanafunzi wake waliingia darasani kama kawaida, wakakaa, wakakitazama kiti chake. Hakuna aliyesema neno. Kengele ilipogongwa wakatoka, macho mekundu. Jumatatu nyingine wakafanya vilevile. Hawakuagizwa na mtu, ni mapenzi tu yaliwapeleka. Wewe ungewalaumu? Mimi nisingewalaumu.

Lakini jambo likikaa huota mizizi. Ikawa sheria pale kwamba mwalimu akifa, kipindi chake hakipewi mwingine. Akafa mwalimu wa kilimo, yule aliyekuwa akionja udongo kwa ulimi kabla ya kusema kipandwe nini. Kipindi chake kikawa kimya. Akafa mama wa ushonaji. Akafa wa muziki, aliyekuwa akipiga kinanda amefumba macho, na wanafunzi waliapa kwamba kipindi chake kikifika, hicho kinanda huvuta pumzi. Chuo kikazeeka, na chuo kikizeeka waliolala huwazidi walio macho. Ikafika mahali ratiba karibu yote ni ya marehemu. Walio hai wakawa wanafundisha kwa kuibaiba: Biblia wakati wa kuosha vyombo, jiografia njiani kwenda kuchota maji. Na wageni wakija kutembelea waliondoka wanafuta machozi, wanasema, "Hapa wanajua kuwaenzi wazee wao."

Mkuu wa chuo hicho alikuwa amesoma kwa yule mwalimu wa kwanza, enzi za ujana wake. Jumatatu ilikuwa siku yake kuliko Jumapili. Aliingia na wanafunzi darasa la hesabu, akaketi dawati la nyuma, mikono juu ya magoti. Kimya kikishashuka, na ukungu ukipita kutoka dirisha hili kwenda lile, aliona, au alidhani anaona, bega la koti la kahawia. Alisikia kile kikohozi kidogo cha kusafisha koo kabla ya somo. Hapo moyo wake ulielea kama unyoya juu ya maji. Hakudai kingine duniani.

Basi akaja mwalimu mgeni, mwanamke, ametumwa na dayosisi kufundisha hesabu. Akatua begi lake ofisini kwa mkuu.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mlimani."

"Asante. Naambiwa hesabu ni Jumatatu."

"Ni Jumatatu. Ila kipindi kile kina mwenyewe."

"Yuko wapi nikamsalimie?"

"Ametangulia mbele za haki."

"Poleni sana. Ni juzijuzi?"

"Mimi nilikuwa kijana."

Mgeni alimtazama, akingoja acheke. Mkuu hakucheka.

"Na madaftari anasahihisha nani, Mkuu?"

"Hapa hatufanyi mzaha na wazee wetu, mwalimu."

"Sifanyi mzaha. Nina chaki mkononi, sina pa kuandikia."

Akaonyeshwa mwanya: Jumamosi, kwenye kamba za kuanikia nguo. Nanyi msitabasamu, maana alifundisha hapo hapo. Aliandika kwenye ukuta wa bafu, wanafunzi wanakamua mashuka huku wanataja majibu, na aliyekosea alirushiwa soksi yenye maji. Waliojifunza walijifunza. Lakini Jumamosi mvua ikinyesha hakuna kuanika, na huko mlimani mvua haiombi ruhusa. Muhula ukawa unayeyuka. Wale vijana walikuwa wa mwaka wa mwisho, wanangoja kupelekwa shuleni wakasimame mbele ya watoto wa watu, na hesabu zao zilikuwa nusu mbichi.

Mgeni akarudi kwa mkuu. "Nipe Jumatatu. Siombi zote, naomba moja."

"Ukifungua mdomo katika kipindi kile, fungasha mizigo yako."

"Basi nikae tu, nami, kimya kama wengine."

"Kukaa ni haki yako," akasema mkuu, na kwa kweli alifurahi. Aliwaza, akikaa pale mara moja ataelewa. Naye ataliona lile koti likipita.

Jumatatu ikafika. Ukungu siku hiyo ulikuwa mzito kama maziwa ya kuchemka, umejaa mpaka kwenye dari. Mgeni aliketi na mkuu dawati moja. Kimya kikashuka. Mkuu akafumba macho nusu, akaanza kuelea zake, na mbele kule bega la kahawia likaanza kujichora.

Kisha mkono ukainuliwa.

Katika darasa lile mkono haukuwa umeinuliwa tangu kifo cha mwenye kiti. Alikuwa binti mmoja wa dawati la kati, mpole, asiye na historia ya utundu.

"Mwalimu," akasema, na hakuna aliyejua amemwita mwalimu yupi. "Nikigawanya kwa mbili, namba inapungua. Nikigawanya kwa nusu, inaongezeka. Kwa nini? Wiki ijayo napelekwa kufundisha. Wataniuliza, nami sijui."

Mkuu akafumbua macho. Alilijua lile swali. Aliwahi kuliuliza yeye mwenyewe, ndani ya chumba kile kile, na mzee yule aliacha ubao, akaenda jikoni kwa miguu yake, akarudi na sinia la maandazi. Akawa anayakata nusu kwa nusu huku anauliza, "Andazi moja lina nusu ngapi? Haya, mawili je?" mpaka darasa zima likala na kuelewa kwa mdomo uliojaa. Mkuu alisikia hata ile iliki kwenye ulimi wake. Jibu lilikuwa limekuja lote, limesimama nyuma ya meno, na midomo imeshaanza kufunguka.

Lakini kulisema ni kuvunja kipindi. Akakitazama kiti. Bega la kahawia lilikuwa limepotea, kimebaki kiti.

Mgeni alikuwa ameushika ukingo wa dawati kwa mikono yote miwili. Alitoa ahadi, na ahadi yake aliishika. Alimgeukia mkuu tu, akamtazama. Wenzake yule binti nao wakageuka. Mkono ukabaki juu. Ulipochoka, binti akauegemeza kwa mkono wa pili, hakuushusha. Ukungu ukauzunguka. Mkuu akameza mate, na jibu likaenda nayo.

Kengele ikalia. Mkono ukashuka.

Nje ya mlango, mgeni alikuwa tayari na begi lake.

"Mkuu, nimekaa kimya kama nilivyoahidi. Sasa nakwenda."

"Sikukufukuza, mwanangu."

"Hukunifukuza. Lakini nilipokuja nilidhani mnamngoja marehemu ajibu, nikasema ni huzuni, itapita. Leo nimekaa ubavuni mwako, nimeona jibu limekujaa mdomoni, ukalimeza." Hakuinua sauti. Alisema kwa heshima, kama mtu anayempa mkubwa wake habari za msiba. "Mkuu, wewe ulishakufa. Wamesahau tu kukupangia kipindi."

Akateremka. Yule binti akamkimbilia. Mkuu alisimama barandani, ukungu ukapasuka kidogo, akawaona pale njia inapokata kona, wawili kama vivuli ndani ya pamba. Mgeni alitoa chaki mfukoni, akaivunja. Akavunja na nyingine. Akamwekea binti vipande kiganjani, kimoja kimoja, na binti akawa anahesabu, kisha akatupa kichwa nyuma akacheka, kicheko cha mtu aliyeelewa. Kilifika mpaka juu. Halafu ukungu ukawafunika.

Mguu wa mkuu ulikuwa umeshashuka ngazi ya kwanza. Kengele ya pili ikalia: kipindi cha muziki. Akaurudisha mguu, akaingia, akakaa.

Mlikuwa mnangoja niseme alikimbia akamrudisha. Sisemi, kwa sababu hakukimbia.

Niwaulize basi, na msinijibu kwa kuinamisha vichwa. Siku ile, ni nani aliyemheshimu yule mzee? Ni yule aliyekaa na kiti chake, au ni yule ambaye hakuwahi kumwona na akavunja chaki njiani kama mzee alivyokata andazi?

Sisi tunawajua waliotuletea Injili hapa. Siku ya mavuno tunawataja, makaburi yao tumeyapaka chokaa, na benchi la mzee wa kwanza wa usharika huu hakalii mtu hata watoto wakisimama. Vizuri. Lakini mwezi uliopita kijana alisimama humu akauliza, mbona naomba na mama yangu bado anaumwa, nasi tukamwambia, shii, hapa ni mahali patakatifu. Nilikuwepo. Nanyi mlikuwepo. Na humu ndani wamo watu waliouguza miaka, wakaomba, wakazika, na bado wanaamini. Jibu la yule kijana wanalo, wamelinunua kwa machozi. Wamelikalia.

Yule kijana ameketi pale karibu na mlango. Leo amekuja tena, na sijui kama Jumapili nyingine atakuja. Sitatoa baraka ya mwisho sasa hivi. Mama, wewe unayejua ninasema nawe, inuka, nenda ukakae karibu naye.