Aliyeng'oa Alama Njiapanda

Mtu mmoja alikuwa na kambi isiyokaa mahali pamoja. Mahema kumi, jiko, matangi ya maji na malori mawili ya kubebea. Nyumbu wakiwa kusini, kambi ilikuwa kusini. Wakihamia kaskazini kuifuata mvua, mahema yalikunjwa yakawafuata. Wageni walitoka mbali kulala humo, ili asubuhi wafungue zipu ya hema wawaone wanyama mbele yao.

Kambi ile ilikuwa na desturi yake. Kabla ya kuhama, mtu mmoja alitangulia na gari kutafuta mahali. Akishapata, alirudi mpaka njiapanda, akafunga kitambaa chekundu kwenye mti wa upande wa kufuatwa, kisha akaenda kuwasubiri wenzake huko alikochagua. Malori yalifuata kitambaa bila ubishi. Kwa miaka kumi na miwili aliyetangulia alikuwa Magesa, mfanyakazi wa kwanza kuajiriwa pale.

Sasa mwenye kambi alikuwa amezeeka, magoti hayamtii, na kila mtu alijua kwamba mwisho wa msimu ule angemkabidhi mmoja wao kambi yote aisimamie. Magesa alijua ni yeye. Nani mwingine? Basi siku ya kutangulia ilipofika, mzee akamwita Kisiri. Kisiri, mchota maji ya kuoga wageni, mwenye miaka mitatu tu kazini! Magesa akaambiwa abaki, ale na wageni meza moja, asikilize wanachopenda na kinachowaudhi, kisha siku ya kuhama aongoze malori.

Jamani, wivu. Msinitazame hivyo, sote tunaujua. Magesa alikaa mezani na wageni lakini hakusikiliza walichosema. Alimwona Kisiri ameshika usukani wa gari alilozoea kuliendesha yeye, na roho ya kwa nini ikamvaa mzima mzima. Kwa nini yule? Kwa nini si mimi? Lakini hakujiuliza hata mara moja kwa nini mzee alimweka yeye mezani.

Malori yakafika njiapanda. Kitambaa kilikuwa upande wa mashariki. Magesa akashuka, akakifungua, akakitia mfukoni, akawaambia wenzake waende magharibi, mahali walipopiga kambi miaka yote aliyotangulia yeye. Wenzake walimwamini. Walipofika aliyatambua hata mashimo ya vigingi vya zamani, akapigilia vigingi vipya mle mle. Akafurahi. Acha Kisiri asubiri huko peke yake, mzee aone nani anaijua nchi hii. Kesho yake mzee alipowasili na wageni wapya na kumuulizia Kisiri, Magesa alijibu kwamba bado anazungukazunguka huko mbele. Na simu, nyika ile, hazishiki.

Mwaka ule mvua ilikuwa imenyesha mashariki, na nyumbu hawajui nani wa zamani kazini. Wageni walifungua zipu asubuhi wakaona majani matupu. Siku ya pili, majani. Siku ya tatu bibi mmoja, aliyemleta mumewe mgonjwa awaone nyumbu angalau mara moja kabla hajafa, alikaa mlangoni mwa hema akilia bila kujificha. Magesa alimpelekea chai, asiweze kumtazama usoni.

Mchana ule ule Kisiri akatokea, vumbi mpaka kwenye kope. Alishuka garini mbio, akamkumbatia Magesa.

“Shikamoo kaka! Ashukuriwe Mungu mko wazima. Nimewasubiri siku zote hizi, tangu jana nawatafuta, nilidhani lori limepinduka.”

Kisha akawaambia kwamba nyumbu walipita mbele yake siku mbili, usiku na mchana, na wa mwisho walikuwa wamevuka mto jana. Hata wakikimbia na magari, hawatawapata tena.

Hapo Magesa akamgeukia mzee. Akatoa kitambaa mfukoni, akamwekea mzee mkononi mbele ya watu wote. Mzee alikitazama, akakikunja.

“Magesa,” akasema, “nilimtuma Kisiri mbele kwa sababu wewe nilikuwa nakuzoeza kukaa na wageni. Kambi ilikuwa yako.”

Msimu ulipokwisha, kambi alikabidhiwa Kisiri. Magesa hakufukuzwa, alipewa ndoo, akawa anachota maji ya kuoga wageni.

Basi ninyi mliokuja leo mmenuna kwa sababu ametajwa mwenzenu kuongoza wala si ninyi, nijibuni hapo hapo mlipokaa: nani alimnyang'anya Magesa kambi yake?