Mlinzi wa Malango ya Wenzake

Hapo zamani za kale, enzi ambazo hata ngiri alikuwa akibisha hodi kabla ya kuingia kwa mtu, aliishi pimbi mmoja jina lake Siwatu. Mnamjua pimbi, wanangu? Mnyama mdogo, mnene kama andazi, hana mkia, makao yake mawe. Lakini akili! Akili alikuwa nazo za kugawia kijiji na zikabaki.

Siwatu alipakana na nyumba ya Tembo. Mke wa Tembo, Mwanakheri, alikuwa shoga yake. Waliazimana kinu, wakaazimana ungo, na maji waliteka kisima kimoja.

Siku moja ikanyesha mvua ya mawe na upepo. Jabali likaporomoka mlimani, bingiri bingiri bingiri, likaenda likajipachika kwenye mdomo wa kisima. Puu!

Siwatu alilisukuma kwa mgongo. Mwanakheri naye alisukuma, lakini alikuwa ametoka kuugua, akasukuma kidogo akakaa chini akihema. Jabali halikutikisika hata kwa adabu.

"Mwenye nguvu za kuling'oa ni mmoja tu, shoga," alisema Mwanakheri. "Na huyo hayupo."

Kweli, Tembo hakuwepo. Alikuwa ng'ambo ya mto.

Miaka mingi nyuma fisi walikivamia kijiji cha Nyani. Tembo akavuka mto, akawatimua fisi mpaka wakasahau njia ya kwao. Ngoma zikapigwa! Vigelegele! Nyani wakamwambia, "Kaa nasi kidogo, bwana, wasije wakarudi." Akakaa. Kidogo kikarefuka. Akalinda lango la Nyani, akaongeza na la Ngiri. Kutoka kulinda akaingia kuamua: nani awe jumbe, shamba lipi lilimwe, nani amuoe nani. Nyumbani akawa anatuma salamu tu.

Asubuhi ile Siwatu alimwona kitindamimba wake akilamba umande kwenye jani. Moyo ukamchoma. Akajifunga kibwebwe, akavuka mto juu ya gogo, tii tii tii, mpaka langoni kwa Nyani.

Tembo alisimama pale, masikio wazi kama nyungo. Nyuma yake Nyani wote walikuwa wamelala mchana kweupe. Khrrr… fyuu! Khrrr… fyuu!

"Hodi, shemeji!"

"Nani huyo? Mbona nasikia sauti simwoni mtu?"

"Tazama chini. Ni mimi Siwatu, jirani yako. Kisima kimezibwa na jabali. Mkeo na wanao wana kiu. Njoo nyumbani, shemeji."

Tembo alivuta pumzi mpaka majani yakapeperuka. "Niondoke? Nikigeuza mgongo tu, fisi watawatafuna hawa mpaka kwato na kucha. Mwambie mama watoto avumilie."

"Ulimwambia avumilie tangu mwanao hajaota jino."

"Wanyonge wananitegemea, shemeji! Siwezi!"

Siwatu akaenda kukaa kando, chini ya jani la muhogo. Ngiri alikuwa hapo, akiiinua mihogo yake iliyokanyagwa na miguu ya Tembo.

"Mama wee," alisema Ngiri kwa sauti ya chini, "mtu akikubebea mzigo, unamshukuru. Na akikataa kuutua? Mlinzi huyu amenichagulia mpaka mchumba wa binti yangu."

Jumbe wa Nyani akazinduka. "Nyamaza, Ngiri! Akienda zake tumekwisha!"

"Na meno yako hayo, jumbe?" aliuliza Siwatu. "Marefu kuliko ya fisi. Au ni ya kuchekea tu?"

Jumbe akaziba mdomo kwa mkono, kama aliyeambiwa ana kiazi puani.

Hapo ndipo hila ilipomjia Siwatu. Akanong'ona na Ngiri, halafu na jumbe, ambaye alitikisa kichwa kukataa, akakikuna, mwisho akakubali kwa shingo upande. Kisha Siwatu akarudi mbio kwa Mwanakheri, wakapanga la kupanga. Jua halijafika utosini alikuwa tena mbele ya Tembo, amejipaka vumbi, analia.

"Uuuwi! Shemeji! Kuna kijiji, watu wake wamo taabuni! Ua umeanguka, paa limetoboka, watoto wanalamba tope! Wamesikia sifa zako. Wanakuita!"

Masikio ya Tembo yakasimama. "Wananiita mimi?"

"Wewe, simba wa vita!"

"Mimi tembo."

"Tembo wa vita! Hima!"

"Kinaitwaje hicho kijiji?"

"Kinaitwa Kwako."

"Kwako?" Tembo akafikiri. "Sijapata kukisikia. Lakini wanyonge ni wanyonge. Twende!"

Siwatu akapanda mgongoni akashika sikio kama usukani. Akampeleka juu, akamvusha mto kwenye kivuko asichokijua, akampeleka bondeni, akamzungusha kichaka kile, akamrudisha kichaka hiki, parakacha parakacha, mpaka kizunguzungu kikamshika. Mwisho wakatokea nyuma ya nyumba moja iliyomezwa na magugu.

"Ndipo hapa Kwako," alisema Siwatu.

Tembo akatazama. Ua ulikuwa chini. Paa lilikuwa na tundu la kupita mbuni. Mtoto mmoja alikuwa akilamba tope. Tembo akapandwa na hasira, akapiga baragumu la mkonga. Paaaruuu!

"Mwenye nyumba hii nani? Mume gani huyu? Aje hapa nimfunze adabu!"

Akatoka mwanamke aliyejitanda kanga mpaka mkonga haukuonekana. "Mume wangu ana kazi, bwana. Analinda wenzake."

"Analinda wenzake na wanawe wanakufa kiu? Mpuuzi mkubwa! Niitieni!"

"Yupo."

"Wapi?"

"Amesimama juu ya mchicha wangu."

Kanga ikaanguka.

"Mwa… Mwanakheri!"

Yule mtoto akaja taratibu, akajificha nyuma ya mguu wa mama yake. "Mama, huyu mgeni ni nani?"

Wanangu, masikio yale makubwa yalianguka kama nguo iliyolowa. Siwatu tayari alikuwa ameteremka, mguu mmoja ndani ya tundu la mwamba.

"Umenidanganya, shemeji," Tembo alisema hatimaye.

"Mimi? Nilikwambia kijiji kinaitwa Kwako. Kwani si kwako?"

Tembo akatikisika tumbo. Kicheko kikaanza kama ngurumo ya mbali, kikapanda, kikatoka. Kwa! kwa! kwa! Akacheka mpaka machozi, na baadhi ya machozi hayakuwa ya kicheko. Akamwendea Mwanakheri, akaweka mkonga wake begani kwake. "Nisamehe, mama." Halafu akalikumbatia jabali. Hiii… hiii… kwachu! Likatoka. Maji yakabubujika, watoto wa tembo na watoto wa pimbi wakarukia humo pamoja. Chubwi! Chubwi!

Mara, kutoka ng'ambo: Hi hi hi hiii! Fisi!

"Niliwaambia!" Tembo akaruka.

Siwatu akajishika kichwa. Je, kama Nyani wataliwa? Hila ni yake. Akamrukia mgongoni, wakatimua mbio mpaka mtoni.

Wakasikia kelele. Ngwa! ngwa! ngwa! Nyani walikuwa wakipiga masufuria. Ngiri na nduguze walitoka mashimoni kwa pembe, na jumbe, meno yote nje, alikuwa ameng'ang'ania mkia wa fisi mkubwa kuliko wote. Fisi wakakimbia, huyu kilio, yule kuchechemea. Wachache wakazunguka ili waingie kwa nyuma, na hapo Tembo, akiwa bado upande wa kwake wa mto, akapiga baragumu moja tu. Paaaruuu! Wakajitosa kwenye miiba.

Jumbe alikuwa na sikio lililochanika, lakini uso wake uling'aa. "Mmeniona? Nimemng'ata! Mimi mwenyewe!"

Tembo akatia mguu majini. "Nivuke?"

Nyani wakatazamana. Akajibu Ngiri. "Fisi wakituzidi tutakuita, ndugu yetu, nawe uje mbio. Lakini ukija, bisha hodi. Na vita vikiisha, tukusindikize."

Tembo akayatazama maji yakimpita mguuni. Halafu akautoa mguu wake, akainua mkonga kuwaaga, akageuka kwenda kuezeka paa lake. Siwatu juu ya mgongo akapiga vigelegele njia nzima.

Basi wanangu, mlinzi mwema huja akiitwa, na hujua siku ya kurudi kwake.