Mize Mfinyanzi Apiga Chokaa Nyumba Yake

Wajukuu, mpo? Kama mpo, sogeeni. Na wewe uliyejinyoosha, mpe mwenzio nafasi mkekani. Leo nawapa kisa cha ukuta, na cha mwanamke aliyeukabili.

Kale, kale hasa, enzi ambazo watu walisikia mvua ikinguruma milimani siku tatu kabla haijafika, palikuwa na mji uitwao Mtikuzi. Hapo aliishi Mize, mfinyanzi wa vyungu. Mumewe alikuwa amejenga nyumba ya mawe na udongo. Kuta zikasimama, paa likaezekwa, na kabla hajaipiga chokaa kwa nje, homa ikamchukua. Akabaki Mize na mama mkwe wake, Bi Hidaya.

Basi mvua ya kwanza ikalamba udongo. Ya pili ikalamba. Ya tatu ikalamba, mawe yakatokeza kama mbavu za mbuzi wa kiangazi. Na masika iliyokuwa njiani, wajuzi wa mji walisema, ilikuwa ya siku arobaini! Ilikuwa imebaki miezi miwili.

Mize akaenda kwa Fundi Makungu, mkuu wa mafundi. Mafundi wote wakati huo walikuwa kwenye jumba la mfalme.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, bibie. Najua lililokuleta. Sina mtu wa kukupa mpaka jumba hili liishe."

"Litaisha lini?"

"Baada ya masika."

"Baada ya masika, fundi, mimi sitakuwa na ukuta wa kupigwa chokaa."

Fundi akakuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, msimwonee. Akasema, "Basi ufunike kwa makuti, umwombe Mungu. Usiupige mwenyewe. Chokaa ikipigwa vibaya hufungia maji ndani. Nje utaona kweupe, kumbe ndani tope tupu. Utalala na mkweo, ukuta uwaangukie."

Mize akarudi nyumbani akiwaza. Apige, asipige? Akipiga vibaya, ukuta utaanguka. Asipopiga, utaanguka vilevile.

Bi Hidaya akamwambia, "Mwanangu, kuta hizi ni kazi ya mikono ya mtoto wangu. Sina kingine chake. Usizifanyie majaribio."

"Sitazigusa, mama. Nitajaribu kwenye kibanda cha jiko, upana wa mkeka mmoja. Pakiharibika, tumeharibu jiko."

Mmesikia? Hakusema naweza, hakusema siwezi. Alisema nitajaribu, tena padogo.

Akaleta chokaa kutoka kwa wachomaji, akaimwagia maji, ikachemka fooo! Siku ileile akaichanganya na mchanga. Akachota, akapaka, akalaza. Siku ya tatu ikapasuka, ikaporomoka, pwaa! Majirani wakacheka mpaka wakashika viuno. Bi Hidaya hakucheka.

Mize akachuchumaa, akaokota kipande, akakigeuza. Nyuma kilikuwa vumbi.

"Mama, njoo uone. Ukuta ulikuwa mkavu, umenyonya maji yote. Chungu nikikianika kwenye jua kali si hupasuka? Basi na hii imepatwa na hayohayo."

Bi Hidaya akasogea. Akakishika kile kipande, akakinusa, halafu akasema polepole, "Na tena chokaa yako ilikuwa bado ya moto. Mumeo alikuwa akiilaza shimoni mwezi mzima. Nilimwona kwa macho yangu."

Wakachimba shimo, wakailaza chokaa mwezi mzima. Mize akarudi pale jikoni. Safari hii akaulowesha ukuta kwanza. Akachota, akapaka kidogo, akalaza. Akangoja. Akachota tena, akapaka kidogo, akalaza. Kisha akafunika kwa mikeka yenye maji. Siku ya kumi akagonga kwa kidole: ko, ko, ko. Imeshika!

"Unasemaje, mama?"

"Piga, mwanangu. Maji nitanyunyiza mimi."

Wanawake wawili, wanangu, mmoja na mwiko, mmoja na kata ya maji! Mize alichota, akapaka, akalaza, mpaka chokaa ikamchana vidole. Kuta zote nne zikavaa. Ikabaki ile pembe ya juu kabisa, chini ya paa, palipotaka jukwaa. Akafunga miti, akapanda, miti ikayumba. Akashuka.

"Malizia, pamebaki padogo!" majirani wakamhimiza.

"Hapana. Pale pana mwenyewe." Akapafunga kwa makuti.

Mvua ikaja. Loo! Siku arobaini, mto ukahama njia yake, kuku wakalala juu ya mapaa. Nyumba mbili za jirani zikaanguka. Wenyewe walikimbilia kwa Mize, wakalala humo humo. Kila asubuhi Bi Hidaya aliweka kiganja ukutani kwa ndani, na wote wakamtazama.

"Mkavu," alisema. Kila asubuhi, "Mkavu."

Jua lilipotoka, Fundi Makungu akaja. Akagonga chini, akagonga katikati, akatega sikio.

"Nani kakupigia?"

Mize akamwonyesha mikono yake. Fundi akavua kofia.

"Na kule juu?"

"Kule sikuweza, fundi. Nilikungoja wewe."

"Nimefundisha wengi kupiga chokaa," alisema fundi. "Wa kujua pa kuachia, sijampata hata mmoja." Akafunga jukwaa siku hiyohiyo, akapanda mwenyewe, na Mize akamkorogea chokaa. Na tangu hapo, mtu wa Mtikuzi aliyetaka kupiga chokaa nyumba yake alikwenda kwanza kumuuliza yule mfinyanzi.

Basi, wajukuu, kazi usiyoijua usiikimbie wala usiivamie. Ijaribu padogo, kosa lako likufunze, na mkono wako unapoishia, mwite mwenye mkono mrefu.

Kisa nimekitua. Kizito mkibebe wawili wawili, chepesi kawapeni wenzenu.